Tazama Palipolika

Mheshimiwa Sheha, masheikh wetu, mama zangu na baba zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa mikekani kwa sababu viti vimekwisha: assalaam alaykum.

Nimepewa nusu saa. Mwalimu wa hisabati akipewa nusu saa hula dakika arobaini na tano, na mimi nimestaafu lakini tabia haijastaafu, kwa hivyo naingia moja kwa moja mezani.

Hapa mbele yangu pana vipande kumi na moja vya mti. Vyote vimetoka jaani. Sisemi kwa mfano. Vimetoka jaani kwenyewe, baina ya maganda ya muhogo, makopo ya rangi na magodoro yaliyotapika pamba, na nyinyi wa mstari wa mbele nadhani pua zenu zimeshathibitisha. (Kicheko.) Sijaviosha. Nitakwambieni kwa nini tukifika huko.

Watu huniuliza: Bi Mwalimu, mbona unaokota mti tu? Mbona huleti birika, sinia ya shaba, kitasa? Jibu ni bei. Nyumba ikiporomoka Mji Mkongwe, au warithi wakigawana na kila mmoja akataka chumba chake kiwe kitupu, vya kwanza kuondoka ni chuma na shaba, maana vyuma chakavu hupimwa kwa kilo na pesa hutolewa papo hapo. Mawe hufukia mashimo ya njia. Mti mkubwa, maboriti na mbao ndefu, huishia kwenye tanuri la mikate. Kinachobaki ni mti mdogo, usiouzika, usiotosha kuivisha hata chungu kimoja cha wali, na usiojulikana ni nini. Huo ndio hufika jaani. Na nikitazama vizuri naona hiyo sababu ya mwisho ndiyo inayoutupa. Hakuna bibi anayetupa mbuzi ya nazi akijua ni mbuzi. Hata ikiwa mbovu ataiweka uvunguni. Anayetupa ni mjukuu aliyeiona ni "kibao". Kitu kikishaitwa kijiti, kibao, kipande, gari la taka liko mlangoni.

Sasa, kijana akiokota kitu swali lake la kwanza huwa: hii nini? Akikosa jibu anapiga picha, anawatumia wenzake, nao hawajui, wote wanakisia kwa umbo. Umbo ni mwongo. Vitu vingi vya mti ni vya mviringo au vya pembe nne, basi. Ukikisia kwa umbo kila cha mviringo kitakuwa kigoda na kila cha pembe nne kitakuwa kibao cha kukatia vitunguu. Marehemu baba yangu alikuwa seremala wa milango. Akiletewa kitu asichokijua hakukitazama kwanza. Alifumba macho akakipapasa, kisha akauliza: kimelika wapi?

Kitu kilichotumika miaka arobaini kimeliwa, na kila mlaji ana meno yake. Kiganja hung'arisha mti na jasho huutia weusi. Kamba huchimba mfereji wenye kingo laini. Kisu huacha mistari inayopishana. Unyayo huchimba kijibonde. Kinachozunguka ndani ya tundu huacha pete. Ukishajua nani amekula, na amekula upande gani, jina litakuwa karibu, na pengine yuko mtaani mtu wa kulitamka.

Tuanze na hiki. Mwanangu wewe wa mbele, kinyanyue uwaoneshe wenzako. Kizito, ee? Pande la mti la mviringo, kimo chake shubiri moja, juu tambarare, chini tambarare, ubavuni laini kama yai. Kijana aliyeniletea alisema ni kigoda cha mtoto. Mwenziwe akasema ni gogo la kukatia nyama. Jirani yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema ni ngoma ambayo fundi alikufa kabla hajaitoboa. (Kicheko.) Nikawaambia, tutazame palipolika. Kingekuwa kigoda, juu pangelika. Kingekuwa gogo la nyama, juu pangejaa makovu ya shoka. Juu hapana kitu, alama za patasi ya fundi zimo vilevile. Palipolika ni ubavuni, kuzunguka kote, sawasawa, bila kovu hata moja. Maana yake kilichokigusa kilikikumbatia kizima, na kilikuwa laini. Nguo. Lakini nguo gani inayovikwa gogo?

Hapo nikafanya nililofanya maisha yangu yote darasani: nikapima. Nikachukua utepe wa cherehani, nikakizungushia. Sentimita 56. Nikakigeuza, nikakuta chini pamechongwa kwa ncha ya kisu alama mbili ambazo vijana walizidhani ndoana. Mimi nimekwenda chuo cha Kurani utotoni, nilizijua. Ni tarakimu za Kiarabu: ٢٢. Ishirini na mbili. Inchi 22 ni sentimita 55.88. Nikaufunga ule utepe kichwani mwangu mwenyewe, nikacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Wazee huko nyuma wameshaguna, naona. Semeni. Ndiyo, faroma! Wanafunzi, faroma ni kibao cha kofia. Kofia iliyoshonwa kwa mkono, bulibuli yenye vile vitundu vyake, ikifuliwa hunywea na kupinda. Basi hutiwa wanga, huvikwa faroma ingali mbichi, huvutwa mpaka makunyanzi yaishe, ikaachwa kivulini ikauke. Ikivuliwa hapo inasimama wima. Na vichwa havilingani, ndiyo maana ya ile nambari. Nyumba yenye wanaume watatu ilikuwa na faroma tatu, au faroma moja na ugomvi kila Ijumaa. Tazameni huu weupe uliojificha ndani ya mishipa ya mti. Huo ni wanga. Ningekiosha kwa sabuni nilipokileta nyumbani ningemwaga ushahidi kwenye shimo la maji machafu.

Hilo la kuosha lina kisa chake, na kisa chenyewe si cha kujisifu. Zamani, kabla sijakuwa na akili hii kidogo niliyonayo, niliokota kibao chenye mkono, kirefu kama paja la mtoto, cheusi pembeni na kilichopauka katikati. Nikakipenda. Nikaona ni cha jikoni, nikanunua msasa, nikakisugua mchana mzima barazani mpaka kikawa kizuri kama kipya, nikakipaka vanishi. Siku ya pili akaja shangazi yangu. Akakishika, akakigeuza, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, na pale chini ya mkono, kwenye kikunjo ambacho msasa wangu haukufika, akanionesha kichwa cha waw. Herufi moja, tena nusu. Ulikuwa ubao wa chuo. Mtoto aliandikiwa sura yake kwa kalamu ya utete na wino wa masizi, akaihifadhi, ubao ukaoshwa, ikaandikwa nyingine. Kupauka kule katikati kulikuwa kwa kuoshwa mara mamia. Weusi wa pembeni ulikuwa wa vidole vya watoto, sijui vizazi vingapi. Mimi nilikuta wino uliobaki umeingia ndani ya mti, nikauondoa kwa msasa wa shilingi chache. Shangazi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na vanishi nayo ya nini?" Ubao ule upo nyumbani. Sikuuleta leo, naona haya.

Kwa hivyo: usioshe, usisugue, usipake kitu. Kausha kivulini, si juani, maana jua litaupasua mti uliozoea unyevu wa jaani. Ukiona unga mwembamba unadondoka kwenye vijitundu, kuna bungua ndani, usiuweke karibu na kabati la mama yako. Na nyinyi watoto, jaani hamwendi peke yenu wala pekupeku. Kuna sindano kule.

Nakuja kwa kipenzi changu. Hiki hapa, kidogo, kinajaa kiganjani. Kama nusu ya fuu la nazi lakini kimejaa, si kitupu. Juu kimeviringika na kinang'aa mpaka unaweza kukitumia kioo. Chini kina tundu linaloingia mpaka kati na halitokei upande wa pili. Nilikaa nacho miezi minane. Kwanza nilisema kifuniko cha mtungi, lakini kifuniko cha mtungi hulika ukingoni, na hiki ukingo wake haujaguswa. Nikasema ni kishikio cha mlango. Kishikio huvutwa, basi tundu lake lingekuwa na msumari au gundi au kutu. Hili tundu ni safi. Nikachukua tochi nikachungulia ndani: pete. Pete nyeusi, moja juu ya nyingine, na kitako cha tundu kimeungua kidogo. Kuna kitu kilikuwa kinazunguka mle ndani, kwa kasi, na juu yake palikuwa na kiganja kinachokandamiza. Kiganja cha kulia au kushoto? Cha kushoto, weusi umeegemea huku, ulipokaa msingi wa kidole gumba. Basi mkono wa kulia ulikuwa unafanya kitu kingine. Nilijua yote hayo na bado sikujua ni nini.

Nikapanda gari la Nungwi, kwa sababu nilijiambia, kama kuna watu bado wanatoboa na kuchonga mti mgumu kwa mikono, ni wale wanaounda majahazi ufukweni. Nikamkuta mzee amekaa kivulini mwa ngalawa, hatazami kazi ya vijana lakini anaisikiliza. Nikamwamkia, nikampa. Hakukitazama. Kilipotua tu mkononi, kiganja chake cha kushoto kikakifunika, kikakilaza chini, na mkono wake wa kulia ukaanza kwenda mbele na nyuma hewani, kama mpiga fidla. Akasema, "Jivu hili. Uta wake uko wapi?"

Mimi nikadhani ananikejeli. Jivu? Nikamwambia, "Hapana babu, halijaungua, nimeliokota jaani." Akacheka mpaka akakohoa. Akawaita wale vijana waje wamwone mwalimu asiyejua jivu. (Kicheko.) Basi nisikilizeni, msije mkachekwa na nyinyi. Zamani keke, chombo cha kutobolea mti, haikuwa ya umeme. Ilikuwa na vitu vyake: chuma chenye ncha kimetiwa kwenye mti wa mviringo uitwao msukano, msukano unaingia kwenye kishikio hiki, nacho ndicho jivu, na msukano unazungushwa kwa uta, kamba ya uta imeuzingira mara moja. Mkono wa kushoto unakandamiza jivu, wa kulia unavuta na kusukuma uta, ncha inazunguka huku na huku, mti unatoboka. Kila msumari kwenye jahazi ulitanguliwa na tundu, maana mbao ngumu ukiipiga msumari bila kuitoboa itapasuka. Hesabuni wenyewe misumari iliyomo kwenye jahazi moja, muone kiganja kilichong'arisha hiki kilifanya kazi kiasi gani. Siku hizi tunasema keke kwa ile ya umeme, na ni sawa, jina limehamia nyumba mpya. Lakini jivu na msukano havikuhama nalo, vilibaki kwa wazee wa ufukweni.

Na tazameni lililotokea pale. Mimi nilikuwa na vipimo, tochi, miezi minane. Yeye alikuwa na mkono. Nilichokigundua kwa kuhangaika, kiganja chake kilikuwa kinakikumbuka. Lakini, na hili naliambia kundi la vijana, lau ningempelekea picha kwenye simu asingekijua. Nilimpa mwenyewe akishike.

Hivi vingine nitavipitia haraka. Huu ni mtalawanda, wa mguu wa kulia, umepoteza msuruaki wake, yaani kile kijiti cha kushika baina ya kidole gumba na cha pili. Ndiyo maana una tundu, na ndiyo maana aliyeuokota alidhani ni kibao cha kutundika funguo. Tazameni kijibonde cha kisigino, na hapa mbele vidole vitano kama mtu amekanyaga udongo. Hii ni mbuzi isiyo na chuma. Mwanya ulio kwenye ncha ndipo kilipokaa kile chuma chenye meno, na waliokinyofoa ni hao hao wa vyuma chakavu. Palipolika ni pa kukalia, hapana haja ya kueleza zaidi mbele ya masheikh. Hili ni kapi la jahazi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, nalo limechukuliwa chuma chake cha katikati. Mfereji wa kamba mnauona.

Bakuli hili, hapana, silipiti haraka. Kuta zake zimesimama wima, si kama bakuli la kulia. Ndani laini, nje halikupambwa. Nililijaza mchele kwa kibaba cha marehemu mama, likala vibaba vinne bila kupungua wala kumwagika. Vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Hii ni pishi. Wengi wenu mnalitaja neno hili mara moja kwa mwaka, Ramadhani inapokwisha, mnapouliza fitri ni pishi ngapi, na mnapimiwa kwenye mizani ya duka kilo mbili na nusu na kitu. Hapa mnaiona yenyewe. Na ilivyolika ndipo panaponifurahisha. Mdomo wake umekuwa tambarare kama uliopigwa randa, nao umeshuka zaidi upande huu. Hiyo ni kazi ya kijiti kilichopitishwa juu kufuta mchele uliozidi, siku baada ya siku, kila mara kutoka upande mmoja. Ndiyo maana ya kusema pishi ya mfuto. Sasa mwanafunzi wa hisabati ajiulize: mdomo ukishuka, pishi inapungua. Mwenye duka aliyeitumia miaka mingi alikuwa anawapunja wateja wake kidogo kidogo bila kujua. Au akijua. (Kicheko.)

Sasa kuna ubao huu mrefu, na hapa natubu hadharani mara ya pili, kwa sababu nilitaka sana uwe kitu ambacho si. Una matundu kwenye ukingo wake, mstari mmoja, yamepishana kwa vidole vitatu. Nilipouona moyo ulinidunda. Nikasema, mtepe! Chombo kile cha mwambao kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Wengi wenu mliuona ule ulioundwa upya uliokuwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nikauweka ubao huu sebuleni, nikawaambia wageni wawili watatu. Usiku nikawa silali vizuri, nikaamka nikatazama palipolika. Kwenye chombo cha kushonwa matundu huzibwa kwa vijiti ili maji yasiingie; haya hayakuwahi kuzibwa. Na kamba ilikuwa imeyala matundu yote kuelekea upande mmoja, wa ndani, kwa mvuto wa kitu kizito kilichokaa katikati. Kitu hicho ni mtu aliyelala. Ni mfumbati wa kitanda cha kamba, ule mti wa ubavuni. Nikawapigia simu wale wageni.

Nilipouvua jina la mtepe, ubao ulianza kusema yake. Kwa vile niliujua mfumbati, nilirudi jaani kutafuta ndugu zake. Kitanda kina mifumbati miwili, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, na matendegu manne, yaani miguu yake. Nikapata tendegu moja, hili hapa, limekerezwa vizuri, na juu lina matundu mawili ya pembe nne, moja la mfumbati, moja la kitakizo. Mfumbati ukaingia. Haukupwaya hata kidogo. Na chini kabisa ya tendegu kuna pete ya weupe, kimo cha vidole vitatu kutoka sakafuni. Bibi zetu walikuwa wakisimamisha miguu ya kitanda ndani ya vikopo vya maji, wadudu chungu wasipande. Hiyo ni alama ya maji.

Nalitaja tendegu kwa makusudi, kwa sababu lipo duka moja mjini, sitalitaja, nililoingia nikakuta tendegu linauzwa kwa wageni kwa jina la fimbo ya mfalme. Nikamuuliza kijana wa pale, mfalme gani mwenye fimbo yenye matundu mawili ya useremala? Akaniambia, "Mama, wageni wanapenda hadithi." Najua wanapenda. Hata mimi napenda. Lakini hadithi ya mtu kulala juu ya kamba za mnazi, miguu ya kitanda ndani ya vikopo, dirisha wazi, bahari inasikika, hiyo si hadithi? Kwa nini tuitupe jaani kisha tumwuzie mtu mfalme wa uongo? Hivyo hivyo kwa mifaa ya milango, ule mti wa katikati unaofunika ukingo wa ubawa wa mlango. Unakatwa vipande, unakuwa fremu ya kioo. Ukinunua kioo cha namna hiyo, geuza nyuma. Ukiona upande mmoja umeng'aa kwa kiganja kwenye usawa wa kifua, pale ndipo watu walipousukuma mlango kuingia kwao.

Neno kuhusu umri, maana swali hilo haliniachi: ya lini hii? Mimi huwa mgumu kujibu. Watu hutazama msumari. Msumari wa mviringo ni wa kiwandani. Wa pembe nne, wenye kichwa kilichopondwa kwa nyundo, umefuliwa na mhunzi. Ni kweli, na msaada upo. Lakini mafundi wa majahazi wanatumia misumari ya kufuliwa mpaka leo, basi usiseme "ya zamani" kwa msumari peke yake. Mti wenyewe nao husaidia. Mpingo ukiutia ndooni unazama. Msaji ukiukwaruza kwa ukucha mahali pasipoonekana una mafuta na harufu yake haisahauliki. Boriti la mkoko lililotoka kwenye dari utalijua kwa ncha zake mbili zenye chokaa, kwa sababu zilikuwa ndani ya ukuta, na katikati limeiva kwa moshi na rangi. Na urefu wake ndio upana wa chumba. Vyumba vya majumba yetu vya mawe ni vyembamba kwa sababu boriti la mkoko halirefuki kwa kumfurahisha tajiri.

Kila kitu hapa kimefungiwa karatasi. Mmeziona. Nimeandika siku, mahali, urefu, uzito, palipolika, na chini kabisa nani alikitaja jina. Mstari huo wa mwisho msiuruke. Mtu akisema "faroma", mwandike yeye, na kama atakubali rekodi sauti yake kwenye simu, kwa namna alivyolitamka, maana Mkojani wa Pemba na mtu wa Makunduchi hawatamki sawa na majina hayafanani pia.

Nimebakisha kimoja, nimekificha mfukoni. Mheshimiwa Sheha, dakika tano. Hiki. Kibao chembamba, kirefu kama kalamu mbili, upana wake vidole viwili, unene wa unyasi. Hakina tundu, hakina nakshi. Kililetwa na bahari au kilitoka jaani, hata sikumbuki, kimekaa kwangu mwaka mzima. Palipolika ni kingo mbili ndefu, zimelainika sana, na juu yake kuna vimifereji vidogo vidogo, vyembamba kama unywele, vingi hata sikuweza kuvihesabu, vyote vimekata kwa mshazari. Na hapa, karibu na ncha moja, kuna kijibonde kidogo kinachong'aa. Mwenyewe nina dhana yangu, lakini leo sitaisema.

Babu, wewe uliyeegemea nguzo, mwenye kikoi cha buluu. Tafadhali kishike. Mpitishieni, taratibu, wanangu. Hapana, msimsemeshe. Mwacheni.

Mnaona? Kidole gumba kimekwenda chenyewe palepale kwenye kijibonde. Na mkono wa pili umeanza kuzunguka. Nani ana uzi hapa? Uzi wowote, wa nailoni, wa cherehani. Wewe, ule unaoning'inia kwenye mkoba wako. Ukate. Mpeni.